Mashimo barabarani: tunalipia lami, hatulipii kazi

Mhariri,

Kila msimu wa mvua unapokwisha, kurasa zako hujaa malalamiko kuhusu mashimo barabarani, na majibu ya wahusika huwa ni yale yale: mvua zilikuwa kubwa, bajeti ni ndogo. Majibu hayo yana ukweli wake. Lakini hayaelezi kwa nini shimo lililozibwa mwezi uliopita limefumuka pale pale, ilhali lami iliyo hatua mbili kando, iliyonyeshewa mvua ile ile na kupitiwa na magari yale yale, ingali nzima. Sababu iko kwenye namna kiraka kilivyowekwa.

Wengi hudhani lami huliwa kutoka juu kwa kusuguliwa na matairi. Mara nyingi sivyo. Lami ya juu kwa kawaida ina unene wa sentimita 4 au 5, na katika barabara nyingi ndogo haifiki hata 2. Mzigo wa gari hubebwa na tabaka la kokoto zilizoshindiliwa chini yake, na kazi mojawapo kubwa ya lami ni kuzuia maji yasifike huko. Lami ikizeeka hukakamaa na kupasuka. Maji hupenya kwenye ufa, kokoto hulowa na kulegea, kisha kila gurudumu linapopita huyakamua maji hayo yatoke yakiwa yamebeba chembe laini zinazozishikilia kokoto. Ukiona michirizi ya tope jepesi imetokeza kando ya ufa siku ya mvua, jua huko chini kumeanza kuwa pango. Nyufa zikishaungana na kufanana na magamba ya mamba, kipande kimoja hung'oka, na kuanzia hapo shimo hupanuka kwa kasi kwa sababu kila tairi linagonga kingo.

Sasa anafika mtu na lori la lami, anamwaga sepetu tano juu ya tope na vumbi, anaipigapiga kwa mgongo wa sepetu, anapanda lori anakwenda shimo linalofuata. Kiraka kinang'aa, picha inapigwa. Kile kilichosababisha shimo, yaani maji na kokoto zilizolegea, kimefunikwa tu.

Kazi inayodumu huanza kwa chaki. Fundi huchora mstatili kulizunguka shimo, si kwa kufuata umbo lake bali akiingia sentimita 15 hadi 30 ndani ya lami nzima, kwa sababu lami iliyo mdomoni mwa shimo huwa imeshapasuka hata kama haionekani kwa macho. Mstari huo hukatwa kwa msumeno wa lami au kwa patasi ya mashine mpaka kingo ziwe wima. Hapa ndipo kazi nyingi hufa. Kingo zikiachwa zimelala kama za bakuli, lami mpya pembezoni huishia kuwa nyembamba mno, na hiyo ndiyo ya kwanza kumeguka. Kisha kinachimbwa kila kilicholegea au kulowa mpaka kufikia sehemu ngumu, hata kama ni kina cha sentimita 20. Kokoto mpya zinarudishwa na kushindiliwa, maana lami haiwezi kufanya kazi ya kokoto. Shimo linafagiliwa na kukaushwa.

Baada ya hapo hupakwa lami nyepesi iliyochanganywa na maji, sakafuni na kwenye kuta zote nne. Kwa kiraka cha mita moja ya mraba, nusu lita inatosha. Ikizidi sana hupanda juu wakati wa joto na kukifanya kiraka kiteleze. Inapopakwa huwa na rangi ya kahawia, na inapokuwa tayari hugeuka nyeusi. Anayemwaga lami juu yake ikiwa bado ya kahawia anafungia maji ndani kwa mkono wake mwenyewe. Ni suala la kungoja dakika chache, lakini dakika hizo ndizo hazilipwi, kwa hiyo hazingojwi.

Lami ya moto nayo ina saa yake. Hutandazwa ikiwa na joto la takriban nyuzi 135 hadi 160 za Selsiasi, na ikishuka chini ya 80 hivi, ushindiliaji hauisaidii tena: mashine inapita juu, kokoto hazisogeleani, na matundu yanabaki ndani yakisubiri mvua. Lori linalozunguka tangu asubuhi bila turubai, likiziba shimo moja moja, hufikia shimo la mwisho na mzigo ambao umeshakufa. Kipimajoto cha kuchomeka ndani ya lami ni kifaa kidogo na cha bei nafuu kuliko saa moja ya lori hilo. Sielewi kwa nini ni adimu kukiona kwenye kazi za viraka.

Kuhusu ushindiliaji, lami iliyomwagwa ikiwa huru hupungua unene kwa karibu moja ya tano inaposhindiliwa, kutegemea mchanganyiko. Kwa mazoea, ukitaka sentimita 5 zilizoshindiliwa, mwaga kama 6 na kidogo. Shimo lenye kina kinachozidi sentimita 7 au 8 lijazwe kwa matabaka mawili, kila moja likishindiliwa peke yake. Mashine ianzie pembezoni kuelekea katikati, ili kingo zibanwe kwanza. Kiraka kikikamilika kiwe juu ya barabara kwa milimita 3 hadi 6 tu, kwa kuwa magari yatakibonyeza bado. Kikiwa chini ni bakuli la maji. Kikiwa juu sana ni tuta ambalo hakuna aliyeliomba. Mwishoni, maungio ya kiraka na lami ya zamani yazibwe kwa lami ya kuyeyusha na kunyunyiziwa mchanga, kisha magari yasubiri mpaka kiraka kipoe.

Kuna hesabu moja ambayo mwananchi yeyote, au diwani mwenye nia, anaweza kuifanya bila kuwa mhandisi. Lami iliyoshindiliwa vizuri ina uzito wa tani 2.3 hivi kwa mita ya ujazo. Kiraka cha mita moja kwa mita moja chenye unene wa sentimita 5 hula kilo zipatazo 115. Viraka 40 vya namna hiyo ni karibu tani 4.6. Kama karatasi za malipo zinaonyesha viraka 40 na stakabadhi ya mtambo wa kuchanganya lami inaonyesha tani 2, basi ama viraka ni vidogo kuliko vilivyoandikwa, ama ni vyembamba. Kwa lami baridi, yaani ile inayotumika bila kupashwa moto, ya mifuko ya kilo 25, kiraka cha ukubwa huo kinataka mifuko isiyopungua minne. Ukiona mifuko mitupu miwili kando yake, huhitaji ripoti ya ukaguzi.

Nisieleweke kwamba kila shimo lazima likatwe kwa msumeno siku hiyo hiyo. Katikati ya masika, shimo lililo kwenye njia ya pikipiki likijaa maji halionyeshi kina chake, na haliwezi kungoja jua. Hapo lami baridi iliyo bora, ikimwagwa na kukanyagwa na tairi la lori mara 4 hadi 8 kiraka chote, pembezoni pamoja na katikati, ni msaada halali na wakati mwingine hudumu kuliko tunavyotarajia. Kosa ni kuihesabu kazi hiyo kuwa imekwisha. Kiraka cha dharura kiandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, na kirudiwe kiangazi.

Wakazi wanaojitolea kujaza mashimo kwa udongo au vifusi vya nyumba wana nia njema, ila udongo hugeuka tope na vipande vya matofali na vigae hukata matairi. Kama hakuna budi, tumia changarawe iliyochanganyika na chembe laini, tabaka kwa tabaka, na kushindilia kila moja. Zege katikati ya lami nalo lina taabu yake: ni gumu kuliko lami inayolizunguka, kwa hiyo lami huvunjika kwenye maungio na lenyewe kubaki kama kisiki.

Lakini hata kiraka kilichowekwa kwa kanuni zote hakitadumu kama maji hayana pa kwenda. Ningeomba wanaopanga bajeti wasome aya hii kabla ya kuagiza lami. Barabara ya mita 7 inatakiwa iwe imeinuka katikati kuliko kandoni kwa karibu sentimita 9, yaani mteremko wa asilimia 2.5 kila upande. Kwenye makaratasi mteremko huo upo. Barabarani, mchanga na majani hujikusanya pembeni mwaka baada ya mwaka mpaka bega la barabara linakuwa juu kuliko lami, na maji yaliyokusudiwa kutoka yanageuka na kutembea juu ya lami yenyewe. Kazi ya kulikwangua bega hilo na kukata vijia vya maji kila baada ya mita chache inahitaji majembe, makoleo na watu, haihitaji mtambo. Mtaro nao usiwe tu mfereji wa kutazamwa. Sakafu yake iwe chini ya tabaka la kokoto la barabara, la sivyo maji yaliyomo mtaroni huingia chini ya lami kwa ubavuni. Na kalavati lizibuliwe kabla ya mvua, si baada ya barabara kukatika.

Ukitaka kujua shimo lijalo litatokea wapi, pita nusu saa baada ya mvua kukatika. Palipo na dimbwi ndipo.

Chanzo kingine ni mitaro ya mabomba na nyaya. Barabara inatandikwa lami, na kabla rangi za mistari hazijafifia, anakuja mwenye bomba kuikata. Kukata si dhambi, bomba halina budi kupita. Dhambi ni kurudisha udongo wote kwa mkupuo mmoja na kupitisha gari juu yake mara mbili. Udongo wa kujazia mtaro urudishwe kwa matabaka ya sentimita 15 hivi, ukiwa na unyevu wa kiasi, kila tabaka lishindiliwe kwa mashine nyembamba inayoingia mtaroni. Usipofanya hivyo, udongo huo utazama mvua ya kwanza na kuacha bonde linalokatiza barabara. Tena lami ya juu ikatwe pana kuliko mtaro, ili maungio ya lami yasiwe juu kabisa ya ukingo wa udongo uliochimbwa. Anayepewa kibali cha kukata barabara aweke dhamana ya fedha, na asirudishiwe mpaka msimu mzima wa mvua upite juu ya kiraka chake.

Kuhusu malori, jaribio kubwa la barabara lililofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 lilionyesha kwamba uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli (mhimili unaobeba magurudumu), yaani mzigo ukiongezeka mara mbili, uharibifu huwa mbili mara mbili mara mbili mara mbili. Maana yake, ekseli iliyozidishwa mzigo kwa asilimia 20 tu huidhuru barabara mara mbili ya ile iliyo ndani ya kiwango, na ekseli ya tani 10 hudhuru kama mara 10,000 ya ekseli ya tani moja. Kwa hiyo lori linalokwepa mizani usiku halikwepi faini peke yake. Linaacha deni barabarani, na anayelilipa ni mwenye gari dogo kwenye duka la vipuri.

Nyufa zenyewe, kabla hazijawa mashimo, huzibwa kwa kupulizwa vumbi na kumiminiwa lami iliyoyeyushwa. Ni kazi rahisi kuliko zote nilizozitaja. Wahenga walishasema kuhusu ufa na ukuta, sina la kuongeza. Isipokuwa hili: ufa ulioshazibwa hauonekani kwenye picha ya uzinduzi, na nadhani hiyo ndiyo sababu hautengewi fungu.

Mkataba wa viraka ulipwe kwa eneo lililopimwa na kushindiliwa, si kwa idadi ya mashimo wala safari za lori, na sehemu ya malipo izuiliwe mpaka mvua zipite. Na sisi tunaoripoti tusiishie kuandika "barabara yetu imeoza". Taja nguzo ya kilomita au jengo la karibu, upande wa barabara, upana na kina kwa sentimita, kama shimo liko mdomoni mwa lami au katikati, na kama maji hutuama hapo siku inayofuata mvua. Piga picha ukiwa umeweka chupa au kiatu kando ya shimo ili ukubwa uonekane. Bila maelezo hayo, mafundi hufika na lami tu, wakati shimo lilihitaji kokoto na jembe la kufungulia maji.

Fundi wa barabara