Kabla Hujasafiri, Mnyweshe Kinyonga

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, za mama yako na za mdogo wako. Sisi wazima. Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimesimama jikoni hata taa sijawasha. Umeandika mengi mazuri juu ya mitihani na safari, kisha mwishoni ukachomeka kama jambo dogo tu: kinyonga siku hizi anasinzia mchana, na kile cheupe cha kwenye kinyesi chake kimekuwa rangi ya chungwa. Ukaendelea na habari za begi.

Hilo si jambo dogo. Kinyonga mzima hufumba macho giza likiingia na kuyafumbua kukikucha. Anayefumba macho mchana kweupe ni mgonjwa, au ugonjwa uko mlangoni. Na hiyo rangi ndiyo iliyoniondolea usingizi. Hawa hawakojoi kama sisi. Uchafu wa figo zao hutoka umeganda kama chokaa, ndicho hicho cheupe. Kikiwa cheupe, mwili una maji. Kikigeuka chungwa, mwili unayabana maji kwa sababu hayatoshi, na ikiendelea hivyo figo ndizo zinazoharibika, polepole, bila mnyama kuonyesha kitu mpaka amechelewa. Macho yake yakoje? Yamejaa na kuzunguka kila moja upande wake, au yamebonyea ndani? Hukuniambia habari ya macho. Nijibu hilo kwanza.

Sasa nasikia unaondoka Alhamisi, siku nne, mwenzako wa chumbani anabaki naye, na umeshamwekea bakuli la maji.

Bakuli, mwanangu.

Ya yule kinyonga wetu wa kwanza unayajua, siyarudii. Nasema hivi tu: kinyonga kwa kawaida hayatambui maji yaliyotuama. Anaweza kukaa kwenye tawi juu ya bakuli lililojaa na kiu ikamuua hapo hapo. Kwake yeye maji ni kitu kinachong'aa na kutikisika juu ya jani: umande wa alfajiri, matone ya mvua yakiteleza. Ndivyo jamii yake inavyokunywa huko Yemen na kusini-magharibi mwa Saudia ilikotoka, na kuzaliwa kizimbani hakukumfundisha vingine. Maji ya bakuli yatapungua kwa kukauka, nawe utasema anakunywa. Mtu anaweza kusema hivyo wiki nzima, na ya pili, na ya tatu.

Kwa hiyo bakuli liondoe leo. Chukua ile chupa ya kunyunyizia, tia maji ya vuguvugu, ya baridi yanamshtua. Nyunyiza majani, usimlenge yeye usoni. Na usinyunyize mara mbili tatu ukaondoka kama ulivyokuwa ukifanya wakati wa mitihani. Nilikuona kwenye simu, ulikuwa unaongea nami huku unanyunyiza, hata nusu dakika haikufika. Maji yakianza, kinyonga kwanza huosha macho. Huyavimbisha, huyazungusha, huyafumba, unaweza kudhani anakereka. Hakereki. Kunywa huja baada ya hapo, na kwa wengine huchukua dakika kadhaa. Watu wengi huacha kunyunyiza wakati ule ule mnyama anapokaribia kufungua mdomo. Kwa hiyo dakika mbili ni chache, sasa hivi mpe tano au zaidi, asubuhi kabla taa haijapasha joto na tena jioni. Ukiona taya linachezacheza na ulimi unagusa jani, simama hapo hapo usitikisike. Wana haya. Wengine hawanywi kabisa wakitazamwa, basi rudi nyuma ya pazia umchungulie.

Cha pili ni kopo la kudondosha. Toboa chini ya kopo safi kitundu kidogo cha sindano, liweke juu ya kizimba, tone lianguke kwenye jani pana, kutoka hapo lishuke jani jingine. Tone moja kila sekunde moja au mbili. Chini weka beseni la kukinga maji. Hilo linaweza kuendelea saa nzima wewe ukifanya kazi zako, na ndilo litakalomwokoa ukiwa safarini, ikiwa mwenzako atakumbuka kulijaza. Atakumbuka? Umemuuliza au umedhani tu?

Usimminie maji mdomoni kwa bomba la sindano. Najua kishawishi hicho, mtu akiona mnyama amelegea mkono unaenda wenyewe. Njia ya hewa iko mbele mle mdomoni, karibu na ulimi, na maji ya kulazimisha huingia mapafuni. Tone moja kwenye ncha ya pua, asubiriwe alambe mwenyewe, basi. Na kizimba kisishinde kimelowa kutwa kucha kwa kuwa sasa umeogopa. Majani yakauke kati ya kunyunyiza na kunyunyiza, hewa ipite. Unyevu usiokauka nao huleta ugonjwa wa mapafu.

Umeuliza kama umwongezee nyenje kwa kuwa hamalizi chakula. Hapana. Mnyama mwenye kiu huacha kula, na chakula kikavu juu ya kiu kinamzidishia taabu. Maji kwanza, hamu ya kula itarudi yenyewe. Isitoshe yule ni jike, tena mtu mzima sasa. Jike wa aina hii hutunga mayai hata asipoonana na dume, na ukimshibisha kupita kiasi na kumpasha joto sana hutunga mengi mno mpaka yanamwua. Nyenje wanne au watano, siku moja anakula na siku moja anapumzika, wanamtosha. Na anapoota joto, kipimajoto kisome nyuzi 27 mpaka 29. Ukimwona anahangaika sakafuni anakwangua, huenda ni mayai yanatafuta pa kutagwa, mwekee chombo kirefu chenye mchanga mbichi unaoshikana. Hilo nalo daktari alitazame.

Nyenje wenyewe nakusifu, na kwa hili namweleza kila anayekuja nyumbani. Hakuna aliyekufundisha kuwalisha wao kwanza. Ulikaa na daftari lako ukatambua kwamba kinyonga anakula kilichomo tumboni mwa mdudu, ukaanza kuwapa majani mabichi, karoti na boga siku nzima kabla ya kumpa. Mimi nilikuwa nawatoa kwenye boksi walikotoka, matumbo matupu, kama kumlisha maganda. Endelea hivyo hivyo, ila spinachi iwe mara chache sana, ina kitu kinachoizuia kalisiamu. Mdudu awe mwembamba kuliko nafasi iliyo kati ya macho ya kinyonga. Asiyeliwa umtoe kabla ya usiku, maana nyenje akikaa na njaa humng'ata kinyonga aliyelala. Wa porini usimwokotee, hujui amepita kwenye dawa gani, na kimulimuli hata mmoja asimpate, ni sumu.

Lakini unga wa kalisiamu umeuacha. Usikatae, kwenye picha ya wiki iliyopita kopo limefunikwa vumbi. Nyenje ana fosforasi nyingi na kalisiamu haba, kwa hiyo kinyonga anayekula nyenje watupu huchota kalisiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Miguu hupinda, taya hulainika, na ulimi, ule ulimi uliokuwa ukiuita mshale, hauruki tena. Wapake unga mwembamba kila unapomlisha, ule usio na vitamini D. Ule wenye vitamini D na mchanganyiko wa vitamini nyingine ni mara mbili kwa mwezi, isizidi, maana vitamini hizo zikirundikana mwilini nazo hudhuru. Na taa ya UVB, ile ya miale kama ya jua, uliiweka lini? Inaendelea kuwaka vizuri machoni petu huku miale yenyewe imeshafifia. Kama imepita miezi kumi na miwili, ibadilishe. Usiniambie dirisha linamtosha, kioo kinaizuia miale hiyo.

Nimetoka kwenye maji. Turudi kwenye maji.

Kesho, si Alhamisi, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua wanyama watambaao. Piga simu kwanza uulize, si kila daktari wa wanyama amewahi kumshika kinyonga. Mpeleke kwenye kisanduku chenye giza chenye tawi la kushikilia, na uchukue kinyesi cha karibuni kabisa kwenye kitambaa chenye unyevu. Mweleze ameanza lini kusinzia. Mpe daftari la uzito alisome. Daftari ambalo, mwanangu, nadhani lina kurasa tupu tangu mitihani ianze. Ulikuwa unampima kila Jumapili kwa mizani ya jikoni, gramu kwa gramu, mama yako akilalamikia mizani yake. Sikulaumu kwa mitihani. Nakulaumu kwa sentensi moja uliyoniandikia: “atakunywa akisikia kiu.” Hiyo sentensi naijua. Imewahi kusemwa nyumbani kwetu, na si wewe uliyeisema.

Daktari akisema abaki kwa matibabu, aachwe. Akisema arudi nyumbani, basi safari uiahirishe siku mbili mpaka uone kile cheupe kimekuwa cheupe tena. Najua utakasirika. Lakini kama ni lazima uondoke, mketishe mwenzako leo jioni afanye mwenyewe mbele yako, asielezwe kwa mdomo. Anyunyize yeye, wewe ushike saa. Ajaze kopo. Aone kinyonga anavyoosha macho, asije akaingiwa na huruma akaacha katikati. Kama anaogopa wadudu, mwache, asilazimishwe: kinyonga mzima anaweza kupitisha siku mbili tatu bila nyenje asidhurike, mradi kwa huyu wako daktari akubali. Maji hayana siku ya mapumziko. Mwandikie kwenye karatasi, ibandike mlangoni mwa kizimba, saa ya asubuhi na saa ya jioni, na akutumie picha kila mara. Na yale majani ya haibiskasi uliyompandia, usiyang'oe, jamii yake hula majani na maua, na humo mna maji pia.

Lile bakuli la kauri bado lipo. Nawekea misumari. Nililinunua mimi, siku ile ile niliyoleta kizimba, aliyetuuzia aliniambia linatosha nami sikuuliza swali la pili. Uliniambia mara mbili kwamba macho ya yule kinyonga wa kwanza yamekuwa madogo, ulikuwa na miaka kumi, nami nilikuwa natengeneza baiskeli. Maneno niliyokuambia baada ya hapo, kuhusu mtu asiyejali viumbe, ningependa uyatoe kichwani kama bado yamo. Hayakuwa yako.

Hapa nyumbani bomba la bafuni limeanza tena kudondosha. Fundi alikuja akakaza, likanyamaza siku mbili, limerudi. Mama yako anasema kitasa cha mlango wa nyuma nacho hakishiki, na anauliza ufunguo wa kabati la vitabu uliuacha wapi, kwa sababu vyeti vyako vimo humo na utavihitaji. Mdogo wako amehamia kwenye meza yako. Nilimkataza, kisha nikamwacha kwa sababu anasoma kweli. Anafuga nyenje kwenye lile boksi lako la zamani chini ya dirisha, wanalia usiku kucha, mama yako amezoea sasa. Anasema ukija uwachukue wote. Ameniomba na yeye anunuliwe kinyonga. Nimemwambia kwanza anyunyizie majani ya ua lililo sebuleni asubuhi na jioni, dakika tano kwa saa, miezi mitatu bila kukosa siku. Yuko siku ya kumi na moja.

Pesa za daktari nimezituma, usizipangie kitu kingine. Ikipungua sema mapema, usisubiri mpaka uone aibu imekutoka. Blanketi la kijivu mama yako ameliosha, atalituma na mtu atakayepita huko mwisho wa mwezi.

Nijibu leo habari ya macho. Na kesho asubuhi, kabla hujala, mnyunyizie, msubiri, kisha nitumie picha ya kinyesi chake cha kwanza kwenye karatasi nyeupe, penye mwanga, niione rangi.

Baba yako