Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka 2025: ule mlio wa mwisho, ada, na viti vitupu

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wapenzi wa filamu, wazee wetu, na nyie vijana mliojiunga mwaka huu,

Hii taarifa nimeiandika kwa mkono wangu siku tatu mfululizo. Dada katibu aliisoma akasema ni ndefu, nikapunguza pale panapopungua, ila ile sehemu ya kwa nini usiku wa kumuenzi mwigizaji Gene Hackman nilionesha picha ya kwanza tu nikaacha namba mbili sijapunguza hata mstari, maana nimesemwa miezi na miezi, nikaandikiwa na barua ya malalamiko, na sijawahi kupewa nafasi ya kujibu mbele ya watu wote, sasa leo nafasi ninayo naomba mnisikilize.

Naanza na ya kawaida ambayo wote mnayajua. Tulipanga vikao 12 tukafanya 10, viwili vilikufa, kimoja taa ya projekta iliungua na kingine tulikuwa watu 7 tukaangaliana tukarudi makwetu. Mwezi wa kwanza tulifungua na Bullitt ya 1968, zikafuata nyingine za polisi na majambazi, tulitembelea wagonjwa wawili, stoo imesafishwa, diski zimepangwa upya kwa miaka, na spika mpya mbili zimepatikana. Hizo spika nilizihangaikia mimi binafsi kwa mwezi na nusu, nikaenda kuzijaribu, nikazibeba, nikafunga nyaya, na sisemi hivi nisifiwe, nasema kwa sababu bila hizo spika huo mlio wa bastola wa mwisho wa picha tunaogombania leo nusu ya ukumbi msingeusikia kabisa. Hayo ya kawaida yameisha.

Sasa lenyewe.

Mwezi wa pili Gene Hackman alifariki akiwa na miaka 95, na kwa chama kama chetu ule ni msiba wa nyumbani. Kamati ilikaa ikapitisha tumuenzi kwa kuonesha The French Connection ya 1971, ile aliyochukulia Oscar yake ya kwanza, halafu usiku huohuo tuunganishe na namba mbili yake ya 1975. Tangazo likatoka, sahihi iliyo pale chini ni yangu, silikani, nalisema mapema ili asije mtu akasema mwenyekiti kaficha. Siku ilipofika wakaja watu 46. Tangu niwe mwenyekiti sijawahi kuona idadi hiyo, viti vilikwisha, wengine walikaa juu ya masanduku ya spika.

Picha ikaenda. Siwasimulii yote, mnaijua. Mnamkumbuka Doyle, askari anayeigizwa na Hackman, amesimama nje kwenye baridi ya New York na kahawa yake mbovu anaishia kuimwaga, na yule Mfaransa Charnier, mfanyabiashara wa unga anayemwinda, yuko ndani kwenye mgahawa wa maana analetewa sahani baada ya sahani. Mnaikumbuka ile mbio ya gari chini ya reli ya juu kule Brooklyn, na ni mimi niliyewaeleza kabla hatujaanza kwamba dereva wa zile hatari ni Bill Hickman, na kwamba William Friedkin mwenyewe, mwongozaji, alikaa kiti cha nyuma ameshika kamera. Nikawaambia pia mkae mkimtafuta Hickman kwenye picha kwa sura yake, maana ndiye anaigiza Mulderig, yule ajenti wa serikali kuu asiyempenda Doyle kabisa. Wengi mlikuwa hamjui. Yani mtu anayemwendeshea Doyle gari kwenye mbio ile ndiye huyohuyo Doyle anakuja kumuua mwishoni, na nilipoona vichwa vinageukiana pale Mulderig alipoanguka nilijua maelezo yangu yalifanya kazi.

Halafu ule mwisho. Jengo bovu limeachwa, maji yamejaa sakafuni, Doyle na Russo, askari mwenzake, wanamsaka Charnier chumba kwa chumba. Doyle anaona kivuli anafyatua, wanakwenda kuangalia wanakuta ni Mulderig, mwenzao. Russo kapigwa na butwaa. Doyle haombi radhi, halii, anajaza risasi kwenye bastola yake, anasema yule jamaa yumo humu nimemwona, anakimbia kuelekea chumba cha mbali mpaka haonekani. Kimya kidogo. Paa! Mlio mmoja, skrini nyeusi, halafu yanakuja yale maandishi na picha za kila mtu, huyu kesi ilifutwa, huyu kifungo kiliahirishwa, Charnier hakukamatwa, Doyle na Russo wakahamishwa kitengo.

Nyie mliokuwepo mnakumbuka kilichotokea ukumbini. Kwanza hakuna aliyesema kitu. Kisha mzee mmoja kutoka nyuma kabisa akauliza, kwani kampiga nani? Basi moto ukawaka. Mmoja anasema kampiga Charnier ila maiti haikupatikana, mwingine anasema hapana ni Charnier ndiye aliyefyatua, kijana mmoja akasema stelingi kajimaliza mwenyewe kwa aibu ya kumuua mwenzie, dada mmoja ambaye kwa mwaka mzima sijawahi kumsikia sauti alisimama akasema kapiga kivuli kingine tena, na wakamjibu, na akawajibu. Watu walisimama, watu walishikana mabega wakioneshana Doyle alivyokuwa amekaa na bastola. Chama hiki kiliundwa kwa ajili ya dakika kama zile. Mi nilikuwa nimeshika diski ya namba mbili mkononi, ndugu zangu, nikaitazama, nikairudisha kwenye kasha lake, nikatangaza leo tunaishia hapa, tukae tuzungumze.

Ndilo kosa ninaloshtakiwa nalo.

Nieleze sababu. Ile namba mbili, iliyoongozwa na John Frankenheimer, inaanza na Doyle anafika Marseille kule Ufaransa kumtafuta Charnier. Ina maana ndani ya dakika 5 za kwanza mjadala wote umekufa, Charnier mzima, Doyle mzima, risasi haikumpata mtu, kaeni chini mtazame. Najua mtasema hata maandishi ya mwisho ya picha ya kwanza yanasema hivyohivyo, na ni kweli, hiyo hoja niliitoa mimi mwenyewe usiku ule nikamjibu nayo yule kijana wa kujimaliza, kwamba mtu aliyekufa hahamishwi kitengo. Lakini kuna tofauti ya kuambiwa kwa mistari miwili ambayo nusu ya watu walikuwa bado hawajapumua wala hawaisomi, na kuoneshwa kwa picha nzima. Ile mistari inakuacha na swali gumu zaidi, kama hakumpiga Charnier na hakujipiga, basi alipiga nini? Hapo ndipo mtu anatakiwa alale napo.

Na jibu langu naliweka wazi, sio siri. Friedkin kwa miaka aliulizwa sana kuhusu mlio huo, na alichokuwa anajibu ni kwamba aliuweka ili picha imalizike kwa kishindo, haumaanishi kitu, au labda unamaanisha jamaa kafikia hatua ya kupiga vivuli. Mi naongeza langu. Doyle dakika chache kabla alishapiga kivuli, na tukaoneshwa maiti, na maiti ikawa ya mwenzie. Mara ya pili hatuoneshwi. Hatuoneshwi kwa sababu hakuna cha kuona, aliyebadilika ni yeye, kamuua mtu asiye na kosa na mkono wake haujasita hata kidogo kufyatua tena. Tangu mwanzo wa picha tulikuwa upande wake, alikuwa sahihi kuhusu gari lililofichwa unga, sahihi kuhusu Mfaransa, hakuna mkubwa aliyemwamini, na ule usahihi wake ndio umemfikisha mle gizani. Sasa nyie mnataka mtu akae na uzito huo dakika 3 halafu nimwashie Doyle yuko ufukweni Marseille? Sikuweza.

Na kesi yenyewe ya kweli iliyozaa picha hii iko hivyohivyo haina mwisho mzuri. Wale askari wawili wa kweli, Eddie Egan na Sonny Grosso, wote wamo ndani ya picha, Egan anaigiza bosi wa Doyle, na Mfaransa wao wa kweli Jean Jehan hawakumtia mikononi. Na unga uliokamatwa kwenye kesi ile ulikuja kugundulika mwaka 1972 kwamba umeibwa kutoka ghala la polisi haohao, wakati picha ilikuwa imeshatoka na imeshabeba Oscar zake 5. Yani mwisho wa picha ulikuwa umeshasema ukweli kabla ukweli wenyewe haujajulikana. Hili nalo nililisema usiku ule, walioondoka kwa hasira hawakulisikia.

Sijasema namba mbili ni mbaya, na anayesambaza kwamba nimeitukana ananisingizia. Pale Doyle anapofungwa, anadungwa unga mpaka mwili unauzoea, kisha anaachishwa kwa nguvu ndani ya chumba, pale Hackman kafanya kazi ambayo mimi kila nikiitazama nashindwa kukaa vizuri, na wanaosema tulimnyima heshima marehemu kwa kuacha kuonesha kipande kile nawaelewa, hilo limeniuma na linaniuma. Mzee wetu mlezi aliniita akaniambia, mwanangu, ulikuwa sahihi kwa picha lakini ulikosea kwa watu. Nimelibeba neno hilo. Ila nikiulizwa leo, diski ikiwa mkononi na watu 46 wamesimama wanabishana, ningeirudisha tena kwenye kasha.

Kuhusu utaratibu, barua ya malalamiko inasema sikushauriana na kamati. Nilimuuliza katibu, akaitikia kwa kichwa. Mhazini hakuulizwa kwa sababu alikuwa mlangoni anahesabu michango, na kwa hilo namwomba radhi ndugu mhazini hapa mbele ya wote. Katiba yetu inampa mwenyekiti mamlaka ya kuamua jambo la dharura bila kusubiri kikao. Mmeandika kwamba dharura ni umeme kukatika au mtu kuugua. Mi nasema mjadala hai ukitaka kuuawa hiyo nayo ni dharura kwa chama cha wapenzi wa filamu, na kama hamkubaliani leteni marekebisho ya katiba kwa maandishi, mlango uko wazi, ila akidi itimie kwanza.

Na hapa lazima niseme la viti na ada, nitalisema kwa uchungu. Daftari letu lina wanachama 61. Waliolipa ada yote ni 19, waliolipa nusu 14, na 28 hawajatoa hata kidogo tangu mwaka uanze. Akidi yetu ni 21 na kwa vikao 10 tumeifikia mara 4 tu. Baada ya ile siku ya watu 46, kikao kilichofuata tulikuwa 12, na kile nilikiitisha makusudi tumalizie mjadala wa mlio, nikaandaa mpaka ile dakika ya mwisho tuirudie mara tatu kwa sauti kubwa tusikilize mlio unatokea upande gani. Walikuja 12! Barua ya malalamiko ina sahihi 17. Nimeikaa nayo na daftari la ada usiku mmoja, kati ya hao 17 kuna 11 hawajalipa, na 5 hawakuwepo kabisa ukumbini siku hiyo, wamesimuliwa. Sitaji jina la mtu, kila mmoja anajijua. Mtu kusaini kwamba alinyimwa picha ya pili wakati ya kwanza hakuja kuiona, hilo mi limenishinda kulielewa.

Mnaouliza michango ya siku ile imekwenda wapi, imeunganishwa na ada na akiba ya mwaka jana, karibu nusu imeishia kwenye spika na taa mpya ya projekta, robo kwenye kodi ya ukumbi, kilichobaki kiko kwa mhazini na daftari lake liko wazi. Wanaotaka kurudishiwa nusu ya mchango kwa sababu waliona picha moja badala ya mbili, kamati imekubali watarudishiwa, waliojitokeza mpaka sasa ni 3.

Ya mbele tunayo matumaini. Namba mbili itaoneshwa, Mungu akijalia mwanzoni mwa mwaka, peke yake, jioni yake maalumu ya Hackman, tarehe tutajulishana. Tunafikiria pia kualika watu wanaojua mambo ya uhariri wa filamu waje watueleze, maana moja ya zile Oscar 5 ilikuwa ya uhariri na nadhani siri ya mlio wetu iko humo, bado hatujajua tutampata nani na lini. Kuna wazo la kuandika kijitabu cha mijadala yetu, likipata mtu wa kulishika litakwenda. Viti zaidi vinahitajika. Vijana wajitokeze kwenye kamati.

Uchaguzi ni kikao kijacho na mimi nitagombea, sijachoka. Yule dada wa kivuli cha pili nimemwomba afungue mjadala siku hiyo kabla ya kura, amekubali, ada yake amelipa yote. Mhazini atakuwa mlangoni na daftari kuanzia saa 10 jioni.