Ruzuku ya magari ya umeme imfikie asiye na akiba

Mhariri,

Naandika kuhusu ripoti yenu juu ya ruzuku ya magari ya umeme kwa familia zenye kipato kidogo nchini Ufaransa. Mpango huo ulipoanza Januari 2024, mtu aliweza kukodi gari jipya kwa takriban euro 100 kwa mwezi bila malipo ya awali, serikali ikichangia hadi euro 13,000. Maombi yalifungwa wiki chache baadaye, magari yapatayo 50,000 yakiwa yameagizwa, maradufu ya yaliyotarajiwa. Hamu ilikuwapo, kilichokosekana ni pesa za kuanzia.

Hapa Kenya tumeshika njia ya msamaha wa kodi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliondoa VAT kwa pikipiki za umeme, hatua ninayoipongeza kwa dhati. Lakini punguzo la kodi humfaa mwenye uwezo wa kununua. Mwendesha bodaboda anayempelekea tajiri wake hesabu kila jioni hana akiba hiyo, naye ndiye anayeumizwa zaidi na bei ya petroli.

Hazina ya Taifa itenge fungu la kulipia malipo ya awali kupitia sacco za bodaboda, wakianza wasiomiliki pikipiki. Vituo vya kubadilishia betri navyo vifike hadi Busia na Garissa.

Msomaji wenu,
Nakuru