Barua ya wazi kwa Mtendaji Mkuu wa OSHA: Ukaguzi wa mafunzo uanzie kwenye mashine

Kwa Mtendaji Mkuu,
Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA).

YAH: MAFUNZO YA LAZIMA KWA WAFANYAKAZI WA VIWANDANI

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kazi yangu ni kupanga mafunzo ya lazima ya wafanyakazi viwandani hapa Dar es Salaam na kutunza kumbukumbu zake. Mimi ndiye ninayewaita wakufunzi, ninayevutana na mameneja wa uzalishaji ili watoe watu, ninayepitisha fomu ya mahudhurio ukumbini na kuvipanga vyeti kwenye faili. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninachoomba kinawahusu watu wengi sana. Naomba utolewe mwongozo kwamba mkaguzi anapotaka kujua kama wafanyakazi wamefundishwa, aanze na wafanyakazi wenyewe, palepale wanapofanyia kazi, wamwonyeshe kwa mikono yao. Faili liwe la pili.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 ilipotungwa, ilichukua nafasi ya sheria ya viwanda ya mwaka 1950, iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni. Sheria mpya ikamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake taarifa, maelekezo, mafunzo na usimamizi ili kazi isiwadhuru. Hayo ni mambo manne, na yamewekwa pamoja kwa makusudi. Viwandani, mambo hayo manne yameyeyuka yakawa kitu kimoja, cheti. Meneja akisikia mkaguzi anakuja wiki ijayo, swali lake la kwanza kwangu ni "vyeti vipo?" Bado sijamsikia hata mmoja akiuliza, "Watu wanajua?"

Nieleze nilichokiona, maana bila hicho barua hii itaonekana ya nadharia.

Katika kiwanda kimoja cha vyakula kuna mashine ya kukandia unga, pipa kubwa lililolala lenye mapanga ya chuma yanayozunguka ndani. Mwisho wa shifti lazima isafishwe, na unga uliogandia haung'oki kwa maji peke yake. Msafishaji huinamia ndani, mabega na mikono yote imo, anakwangua. Wafanyakazi wa idara ile walikuwa wamehudhuria mafunzo ya usalama wa mashine, asubuhi nzima ukumbini. Projekta ilikuwepo, slaidi zilikuwa za Kiingereza, mkufunzi anasoma kisha anafafanua kidogo kwa Kiswahili. Kila mtu alisaini na kila mtu alipata cheti. Siku chache baadaye nilimkuta kijana mmoja akijiandaa kusafisha, nikamuuliza anaanza na nini. Akanijibu kwa kujiamini kabisa, "Nazima hapa," akagusa kitufe chekundu kilichopo ubavuni mwa mashine.

Kitufe chekundu kinasimamisha mota, lakini umeme unabaki palepale. Kitufe cha kijani kiko sentimeta chache tu kutoka hapo, na mtu wa shifti inayoingia, asiyemwona mwenzake aliyeinama upande wa pili, anaweza kukibonyeza. Kinachotakiwa ni kwenda kwenye swichi kuu ukutani, kuishusha, kuipiga kufuli, kutundika kibao chenye jina lako, ufunguo ukauweka mfukoni mwako wewe mwenyewe, kisha ukarudi ukabonyeza kile cha kijani kuhakikisha mashine imekufa kweli. Hatua zote hizo zilikuwa kwenye slaidi. Kijana yule alikuwa hajawahi kuonyeshwa swichi kuu ya mashine yake iko wapi. Na kwenye kiwanda kizima hapakuwa na kufuli hata moja kwa kazi hiyo.

Hakuumia mtu. Nasema hivyo nikijua kwamba kama mikono ya kijana yule ingekatika, faili lingeonyesha kuwa alifundishwa. Cheti chake kingegeuka ushahidi dhidi yake. Angeulizwa kwa nini hakufuata utaratibu aliofundishwa, na angeulizwa akiwa hospitalini.

Tulirudia mafunzo yale mbele ya mashine, watu wachache wachache, kwa Kiswahili. Kila mmoja alishusha swichi mwenyewe, akafunga, akatundika kibao, akajaribu. Ilichukua muda mfupi kuliko mapumziko ya chai ya saa nne. Aliyekosea alirudia hadi akapatia, wenzake wakiangalia, na wenzake ndio waliokuwa wa kwanza kumsahihisha. Baada ya hapo nilipowauliza, sikusikia tena habari ya kitufe chekundu.

Mafunzo ya moto nayo ni hivyohivyo. Mtungi wa kuzimia moto wenye kilo 6 za unga wa kemikali, ule mwekundu uliotundikwa kila ukumbi, ukifunguliwa unakwisha kabla ya nusu dakika kufika. Asiyewahi kuushika atatumia muda huo kuhangaika na pini, kisha atapuliza juu ya miali ya moto badala ya chini, penye kiini chake. Wengi wamefundishwa kwa picha tu, kwa hiyo hata uzito wake hawaujui. Wachache sana wanajua kutazama geji kama mshale uko kwenye kijani, na wapo ambao namba ya zimamoto, 114, hawaijui kwa kichwa.

Kuna eneo moja ambalo mafunzo ya karatasi yanaua wengi kwa mpigo, nalo ni mashimo, matangi na chemba. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ndani ya tangi lililofungwa muda mrefu, au shimo la maji taka, oksijeni inaweza kuwa imeshuka na nafasi yake kushikwa na gesi nyingine. Haidrojeni salfaidi inanuka kama yai viza ikiwa kidogo, lakini ikizidi inaua uwezo wa pua kuinusa, mtu akadhani hewa imesafishika. Anaanguka. Aliye juu anamwona mwenzake, pengine ndugu yake waliyetoka naye kijiji kimoja, naye anaruka kumwokoa. Anaanguka naye. Wa tatu anafuata. Tumesoma habari za namna hii mara nyingi mno, hapa kwetu na nchi za jirani, na karibu kila mara walioingia kuokoa wanazikwa pamoja na aliyetangulia.

Mafunzo ya kuzuia hilo hayakai kichwani kwa kusomewa. Mtu anatakiwa azoeshwe kusimama nje na kutoingia, kupima hewa kwa kifaa kabla ya yeyote kushuka, kumvalisha anayeshuka mkanda wenye kamba, na kuwa na mlinzi wa mdomo wa shimo ambaye haondoki hata akiitwa na bosi. Kujizuia kumrukia ndugu yako anayekufa ni jambo gumu kuliko yote tunayowadai wafanyakazi. Linahitaji mazoezi, na mazoezi ya kurudiwa.

Sasa nije kwa watu ambao hawamo kabisa kwenye faili. Kila asubuhi kwenye mageti ya viwanda utawakuta vijana na akina mama wakisubiri kuitwa. Msimamizi anatoka, anahesabu anaowataka, wanaingia. Hao ndio vibarua. Wanabeba, wanafungasha, wanafagia chini ya mikanda inayozunguka, na mara nyingi ndio wanaotumwa kusafisha matangi, kwa sababu kazi chafu hupewa mgeni. Mafunzo ya mwaka yanapopangwa, majina yao hayaletwi kwangu. Nimewahi kuuliza, nikajibiwa kwamba kumfundisha mtu ambaye kesho hatarudi ni hasara. Lakini anarudi. Wapo ambao wamekuwa "wa leo tu" miaka na miaka. Hata yule wa siku moja ana mikono miwili kama aliyeajiriwa, na mashine haiulizi mkataba. Naomba mwongozo wenu uwataje kwa jina lao, vibarua, na kumtaka mwajiri aonyeshe walielezwa nini getini kabla ya kupewa glavu na gambuti.

Suala la lugha sitalirefusha. Mafunzo ya usalama kwa mtu anayezungumza Kiswahili yatolewe kwa Kiswahili, maneno na maandishi, pamoja na vibao vya tahadhari vilivyobandikwa kwenye mashine. Mashine nyingi zinaingia nchini zikiwa na maandishi ya Kichina, Kituruki au Kiingereza, na zinawashwa hivyohivyo.

Kuna pia suala la nani analipia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na zinazozidi hapo ni za ziada, zinalipwa mara moja na nusu. Mafunzo ya lazima ni kazi. Hata hivyo wapo waajiri wanaoyapanga siku ya mapumziko bila malipo, na wapo wanaomkata mfanyakazi mshahara kufidia ada ya cheti. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Juni 2022, mkutano mkuu wa shirika hilo mjini Geneva uliyaweka mazingira salama ya kazi kati ya haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Mfanyakazi aliyekatwa fedha kwa ajili ya mafunzo anakuja akiwa na kinyongo, anasaini, anasinzia. Siwezi kumlaumu.

Najua waajiri watasema nini, maana ndio ninaokaa nao. Watasema tayari wanalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, wanachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wanalipia ukaguzi na vipimo vya afya, na sasa wanaongezewa mzigo. Mzigo wa tozo ni wa kweli na siupuuzi. Lakini ninachoomba hakiongezi ada. Kumfundisha mtu mbele ya mashine yake kunagharimu kidogo kuliko kukodi ukumbi, kulipa mkufunzi wa siku nzima na kusimamisha idara. Mfuko wa fidia unafanya kazi njema, ila unakuja baada ya kidole kukatika. Na mwajiri anayefundisha kweli anaumia kwa utaratibu wa sasa, kwa sababu jirani yake anayenunua vyeti kwa watu ambao hawajakanyaga hata hicho kiwanda anaonekana sawa naye kwenye karatasi, tena kwa gharama ndogo.

Hatumpi mtu leseni ya udereva kwa sababu alikaa darasani. Anapanda gari na mtahini pembeni. Mkaguzi naye afanye vivyo hivyo. Akifika kiwandani, kabla ya kuketi ofisini kwa meneja na kuletewa soda, aende kwenye uzalishaji. Achague watu wachache yeye mwenyewe, asichaguliwe, na kati yao awepo kibarua. Amwambie mmoja, nionyeshe unavyoifunga mashine hii kabla ya kuisafisha. Amwambie mwingine, shika huo mtungi, nieleze unaanza wapi. Amuulize wa tatu, mwenzako akianguka ndani ya tangi lile, unafanya nini? Wakijua, faili litakuwa rahisi kulisoma. Wasipojua, vyeti vyao viandikwe kuwa havina thamani na mwajiri apewe muda wa kufundisha upya. Mara nyingine mkaguzi afike usiku. Shifti ya usiku ndiyo yenye wasimamizi wachache, ndiyo yenye watu waliochoka, na ndiyo inayosahaulika kwenye ratiba zangu zote kwa sababu mkufunzi anataka kulala kwake.

Wakufunzi nao wabanwe hapohapo. Jina la aliyetoa cheti liandikwe kwenye taarifa ya ukaguzi, ili kama wanafunzi wake wanashindwa kiwanda baada ya kiwanda, ijulikane.

Kuna jambo dogo ambalo lingeokoa wengi. Mafunzo yarudiwe mashine inapobadilishwa au kuhamishwa, bila kusubiri mwaka uishe. Nimeona mashine mpya ikifungwa Jumatatu na kuanza uzalishaji Jumatano, huku mafunzo yanayofuata yakiwa yamepangwa miezi kadhaa mbele, kwa sababu ratiba ya mwaka ilishapitishwa na bajeti yake. Wawakilishi wa usalama na afya waliochaguliwa na wenzao wangeweza kupewa mamlaka ya kusema mashine hii isiwashwe hadi watu wake waonyeshwe. Wengi wao leo wana riflekta iliyoandikwa cheo chao, na hakuna zaidi ya hapo.

Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi huadhimishwa duniani kila Aprili 28, nasi hapa huwa na maonyesho, tuzo na hotuba. Naomba mwongozo huu utangazwe kabla ya Aprili 28 ijayo, ili viwanda vijue mapema kwamba utaratibu umebadilika na vianze kufundisha kabla ya kukaguliwa. Ikiwa wakaguzi wenu watahitaji kiwanda cha kuanzia majaribio, nitazungumza na ninaofanya kazi nao, na faili zangu zote ziko wazi kwenu, pamoja na zile ambazo najua vyeti vyake havistahili kuwemo.

Wako katika kazi,

Mratibu wa mafunzo ya wafanyakazi viwandani,
Dar es Salaam.