Risala ya Wanakwaya kwa Mgeni Rasmi Wakati wa Kufunga Semina ya Uimbaji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wachungaji, wazee wa kanisa, walimu wetu na wanakwaya wenzetu, Bwana Yesu asifiwe!

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Katika semina hii tumejifunza kupanga sauti nne na kupiga kinanda, lakini saa nyingi zimekwenda kwenye swali moja: tukisimama kuimba ibadani, tunamwimbia nani?

Mheshimiwa, swali hili tulilileta sisi wenyewe. Jumapili moja vipaza sauti vilizimika katikati ya wimbo. Kinanda kikanyamaza, nasi tukanyamaza. Kilichotuuma ni kwamba kanisa zima nalo lilinyamaza. Tulikuwa tumeuzungusha wimbo ule kwa madoido mengi mno, hata hakuna mshirika aliyeweza kuuendeleza. Watu walikuja kuabudu, tukawafanya watazamaji.

Tulisoma 2 Mambo ya Nyakati, sura ya 5. Asafu, Hemani na Yeduthuni walikuwapo, mabingwa wa uimbaji wa zama zao, pamoja na makuhani 120 wenye tarumbeta, wote wakisikika kama sauti moja wakiusifu wema wa Bwana na fadhili zake za milele. Ndipo wingu likaijaza nyumba ya Bwana, yaani hekalu la Sulemani, makuhani wasiweze hata kusimama kuhudumu. Ustadi ulikuwapo, tena mkubwa, lakini kilichoijaza nyumba ni utukufu wa Bwana.

Kwa hiyo hatuombi ruhusa ya kuimba ovyo. Sauti isiyofanyiwa mazoezi nayo huvuta macho ya watu kwa mwimbaji. Augustino, askofu wa mji wa Hipo, Afrika Kaskazini, aliungama zaidi ya miaka 1,600 iliyopita kwamba kila uimbaji ulipomgusa kuliko maneno yanayoimbwa, alijiona ametenda dhambi. Hata hivyo hakutaka nyimbo ziondolewe kanisani. Nasi tunasimama hapo alipokuwa yeye, katikati ya furaha na hofu.

Tumekubaliana kwamba kila wimbo mpya utasomwa kwanza bila ala yoyote. Tutauliza unasema nini juu ya Mungu: amefanya nini, yeye ni nani. Neno "mimi" si kosa. Zaburi ya 13 inaanza na kilio cha mtu anayejiona amesahauliwa, ila inaishia akimwimbia Bwana kwa ukarimu wake. Wimbo unaoanza na mimi na kuishia na mimi utarudi kwa mtunzi. Kiitikio nacho kiwe chepesi, aliyeketi benchi la nyuma akidake mara ya pili tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. Kwanza, wachungaji wapitie nasi maneno ya nyimbo kwa uzito uleule wa kuandaa mahubiri, maana mshirika husahau hoja za mhubiri kabla ya Jumatatu, lakini wimbo huenda nao jikoni, kazini na kitandani kwa mgonjwa. Likiwa fundisho lake limepinda, ndilo atakalolishika. Pili, na hili ni gumu kwetu kulisema kwa sababu tunalipenda: msitupambe kwa sifa kabla hatujaimba. Mkituita mbele, mtuite tu, tuimbe, turudi kuketi pamoja na ndugu zetu.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanakwaya, washiriki wa semina