Pua ipunguzwe kwa kipimo cha uso wa mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hapa Lamu husemwa kwa minong'ono ilhali linahitaji kuelezwa waziwazi, nalo ni upasuaji wa kupunguza upana wa pua.

Mpwa wangu alinijia na picha ya mwigizaji katika simu yake, akaniambia kuwa anataka pua kama ile. Sikumkemea. Suala la uhalali wake kidini nawaachia masheikh. Mimi nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka mingi, na nilichomweleza ni kwamba kumwambia daktari "pua yangu ni pana" hakutoshi. Huenda upana huo unatokana na mfupa wa juu, au ncha iliyo nene, au mbawa, yaani kuta za nje za mianzi ya pua, zilizotanuka, na kila hali ina namna yake ya kurekebishwa. Mbawa zikiwa ndizo zilizotanuka, daktari hukata kipande kidogo pale zinapokutana na shavu, ili kovu lijifiche katika mkunjo. Mara nyingine, hata hivyo, pua huonekana pana kwa sababu mgongo wake uko chini, na kuuinua kwa gegedu (tishu imara inayopindika) lililotolewa ndani ya pua yenyewe, sikioni au ubavuni huifanya ionekane nyembamba bila mbawa kukatwa sana.

Ipo kanuni, iliyotokana na nyuso za Wazungu, kwamba upana wa mbawa ulingane na nafasi iliyo kati ya pembe za ndani za macho. Ukiirekebisha pua ya Mswahili kwa kipimo hicho, mianzi ya pua hufinywa, pumzi hupita kwa shida, na kila anayekutazama hutambua kuwa umepasuliwa. Nyama iliyokwisha kukatwa ni vigumu mno kuirudisha. Kwa hiyo nilimsihi aombe kupunguziwa kidogo kuliko anavyotamani.

Nilimuuliza pia kuhusu alipotogwa masikio na pua ya kutilia kipini, kwa kuwa mtu ambaye kidonda chake huota kovu gumu linalozidi kukua anapaswa kumweleza daktari hilo mapema, na pengine kuacha kabisa. Tena, ngozi ikiwa nene, uvimbe wa ncha huweza kuchukua mwaka mzima au zaidi kwisha, na nimewaona watu wakilia mbele ya kioo katika mwezi wa pili tu, wakitaka kupasuliwa upya.

Nawasihi wazazi wanaowasindikiza watoto wao Mombasa au Nairobi waulize jina kamili la atakayeshika kisu, walitafute katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, na waombe kuonyeshwa picha za watu wenye pua kama zao aliowahi kuwahudumia, kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Muuguzi mstaafu,
Langoni, Lamu.