Sele, niombee boti kwa Ami Makame

Sele vipi, za Mangapwani, wazee hawajambo? Najua nimekaa kimya sana na mambo ya harusi ya Mwana tutasemezana tukionana, saivi nina shida na simu zangu hupokei.

Ile kazi ya kuhesabu samaki kwa sauti bado naendelea nayo. Mashine inapiga mlio wa kilohezi 120 kwenda chini, ukigonga kibofu cha hewa cha samaki unarudi na kompyuta inachora (papa na samaki taa hawana kibofu, wanatupita kiulaini tu). Kwenye kina kirefu raha, huku kwetu ndo balaa, mwale wenyewe una nyuzi 7 kwahiyo kwenye mita 5 unaona upana wa sentimita 60 basi, na samaki wakisikia injini washakimbia. Mchana nao nyasi za bahari zinatoa vipovu, skrini inajaa madoa unadhani umeangukia vibua kumbe majani! Ile meli ya utafiti inayoitwa Dr Fridtjof Nansen ilipima bahari ya Tanzania 1982 na 1983 lakini meli kama ile haisogei kwenye maji haya mafupi, ndo maana inabidi boti ndogo, na usiku.

Sasa sauti haitaji jina la samaki. Inakwambia kuna kitu, kama ni dagaa mchele au vibua wadogo utajua nyavu ikitoka majini. Ndo namtaka Ami. Giza likiingia nipite na mashine kabla hajawasha taa, maana taa ikiwaka samaki wa pembeni wote wanajikusanya na hesabu inaharibika, halafu akishavuta anipe ndoo moja tu nipime urefu.

Najua anasema mashine inafukuza dagaa, hiyo siyo kweli. Ila ile hofu yake kwamba tutawauzia wenye maboti makubwa sehemu zake, mh, hapo simlaumu. Mwambie pointi za GPS hatoziona mtu, nitaandika hata karatasi.

Kwani bado amenuna? Giza hili la mwezi wanatokea Mangapwani au wamehamia kijiji cha Kama? Ubavuni mwa boti naweza kufunga bomba la kushikia mashine bila kutoboa mbao? Mafuta nichangie lita ngapi asione nimemdharau? Na we utakuja au bado mawimbi yanakutapisha? Nijibu kabla mwezi haujaanza kukua bwana.

Hamadi